Rodamini ikizidi majini, mwanga unakwenda wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kemia mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam. Kwenye mradi wangu nimeyeyusha rangi inayong'aa iitwayo rodamini 6G kwenye maji, kuanzia mikromola 1 hadi milimola 1, nikapima fluoresensi, yaani mwanga ambao rangi inautoa ikisisimuliwa, kwa kuveti (kichupa cha kupimia) ya kawaida ya sentimita 1, mwanga wa kusisimua ukiwa nanomita 525. Mwanga ulipanda hadi karibu na mikromola 10, halafu ukaanza kushuka, na kilele chake kikasogea upande wa wekundu. Msimamizi wangu ameniambia niandike kwamba molekuli zimekusanyika zikazimana. Lakini mwenzangu wa benchi la pili anatumia tetrafenilethilini, na yeye anapata kinyume kabisa: rangi yake ni giza ikiwa imeyeyuka, ikikusanyika inawaka. Inawezekanaje kukusanyika kuzime rangi moja na kuwashe nyingine? Na mimi niandike nini kwenye ripoti?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mawili, lakini kuna la tatu linalotangulia yote, nalo ni hili: huko kushuka ulikokuona kumeletwa na mkusanyiko kweli? Hatua hii wengi wanairuka, kwa sababu maelezo ya molekuli kukutana na kuzimana yanapendeza na yanapatikana katika kila kitabu. Kwa vipimo ulivyonipa, sehemu kubwa ya kushuka kule kwa mwanzo haikuletwa na molekuli kukaribiana. Imeletwa na umbo la kuveti na mahali fluoromita, ile mashine ya kupimia fluoresensi, inapotazama.

Tupige hesabu pamoja. Rodamini 6G hufyonza mwanga kwa nguvu sana. Karibu na nanomita 526 kigawo chake cha ufyonzaji kiko kwenye 100,000 hivi kwa mola kwa sentimita, tuchukue namba hiyo ili hesabu iwe nyepesi. Kwa myeyusho wa mikromola 1, ufyonzaji wa kuveti nzima ni 0.1 (kumbuka, kila ufyonzaji ukiongezeka kwa 1, mwanga unaopita unapungua mara kumi). Kwa mikromola 10 ni 1. Kwa mikromola 100 ni 10. Sasa kumbuka jinsi fluoromita yako ilivyojengwa: mwanga wa kusisimua unaingia upande mmoja, na kipokezi kimekaa pembeni, kwa nyuzi 90, kikitazama katikati ya kuveti. Kwa hiyo mwanga lazima usafiri nusu sentimita ndani ya rangi kabla ya kufika pale kipokezi kinapotazama. Kwenye mikromola 10, unaofika katikati ni asilimia 32 hivi. Kwenye mikromola 100, ni fotoni moja katika kila 100,000. Molekuli za pale katikati hazijazimwa na mtu. Hazikupata mwanga tu. Rangi inang'aa vizuri kabisa kwenye ukuta wa kuveti unaoelekea taa, ila huko hakuna anayetazama.

Ukitaka kujua kilele kitakuwa wapi iwapo hakuna mkusanyiko wowote, tafuta ukolezi ambao zao la ukolezi wenyewe na mwanga unaofika katikati ni kubwa kuliko yote. Jibu ni pale ambapo ufyonzaji wa nusu sentimita ukizidishwa kwa 2.303 unatoa 1. Kwa namba zetu hiyo ni mikromola 8.7. Wewe umeona kilele karibu na mikromola 10. Sasa unaelewa kwa nini nimekuwa mkali kidogo hapo juu: grafu yako ya mwanzo inaelezwa karibu yote na hesabu ya darasa la sheria ya Beer na Lambert, ile inayounganisha ukolezi na mwanga unaofyonzwa, bila kuitaja molekuli hata moja iliyomkumbatia mwenzake.

Na kusogea kwa kilele kuelekea wekundu? Hilo nalo lisikudanganye. Rodamini 6G hufyonza kilele kwenye 526 na kutoa mwanga wake kwenye 550 na kitu. Pengo ni dogo, kwa hiyo mkia wa ufyonzaji unalala juu ya ubavu wa bluu wa mwanga unaotolewa. Mwanga unaozaliwa ndani ya myeyusho mzito unapaswa kuvuka rangi nyingi kabla ya kutoka nje, na njiani ule ubavu wa mawimbi mafupi unafyonzwa tena. Unaobaki ni ubavu wa mawimbi marefu. Kilele kinasogea bila molekuli yoyote kubadili tabia yake. Nimesoma ripoti nyingi zinazotaja kusogea huku kama ushahidi wa mkusanyiko, na inaniuma, kwa sababu kosa hilo linaondolewa na kuveti nyembamba tu.

Jambo hili unaweza kuliona kwa macho, nyumbani, bila mashine. Nunua fungu la mchicha na kichupa cha spiriti kwenye duka la dawa. Twanga majani kidogo, loweka kwenye spiriti mbali na jiko, kisha chuja kwa kitambaa safi kwenye glasi. Chukua kile kitochi cha zambarau cha kukagulia noti, vinauzwa Kariakoo, zima taa za chumba na umulike glasi kutoka ubavuni. Kijani kile kitatoa mwanga mwekundu wa damu: ni klorofili. Lakini tazama kwa makini wekundu umekaa wapi. Kama umeloweka majani mengi, wekundu ni utando mwembamba tu kwenye upande wa glasi uliogusana na kitochi, na katikati ni giza. Ongeza spiriti kidogo kidogo, utaona wekundu ukitambaa kuelekea ndani mpaka glasi nzima inawaka. Hiyo ndiyo kuveti yako ya mikromola 100 na ya mikromola 1.

Usimwage glasi hiyo, tuna kazi nayo nyingine. Ukishapata myeyusho mwepesi unaowaka vizuri, ugawe sehemu mbili. Moja iongeze spiriti, nyingine iongeze maji safi kwa kiasi kilekile. Zote zimezimuliwa sawa, lakini ile yenye maji mengi itapoteza wekundu zaidi na kuanza kuwa na ukungu. Klorofili ina mkia mrefu wa mafuta usiopenda maji, kwa hiyo maji yakizidi molekuli zinajikusanya, na zikikusanyika zinazimana. Ukolezi wa glasi zote mbili ni uleule, kilichobadilika ni kiyeyushi. Huu sasa ndio mkusanyiko wa kweli, na umeutenganisha na hila ya glasi nzito kwa mikono yako mwenyewe.

Turudi kwenye rodamini. Mkusanyiko upo, sisemi haupo. Ila unakuja baadaye kidogo kuliko ulivyoandika. Molekuli ya rodamini ina mgongo mpana na bapa wa pete tatu, na juu ya mgongo huo ina chaji chanya. Kwenye maji, migongo bapa hupenda kulaliana ili kuyakwepa maji, na nguvu hiyo inashinda msukumano wa chaji. Kipimo cha kulaliana huku kwa rodamini 6G kwenye maji ni maelfu machache kwa mola. Ukichukua 2,000 na kufanya hesabu ya usawa wa kikemia, unapata kwamba kwenye mikromola 10 molekuli zilizo kwenye jozi ni asilimia 4 hivi tu. Kwenye mikromola 100 ni kama robo. Kwenye milimola 1 zimezidi nusu. Kwa hiyo mkia wa grafu yako, ule wa upande wa kulia kabisa, una mambo mawili yaliyopandana, na kazi yako ni kuyatenganisha.

Kifaa cha kuyatenganisha si fluoromita. Ni spektromita ya ufyonzaji, ile ile ya kawaida iliyoko kwenye kila idara. Pima ufyonzaji wa kila myeyusho kwa kuveti ambayo haijazidiwa: sentimita 1 kwa myeyusho mwepesi, milimita 1 kwa mzito, na kwa mzito kabisa matone mawili kati ya vioo viwili vilivyobanwa. Kisha gawa kila mchoro kwa ukolezi na urefu wa njia, uichore yote kwenye karatasi moja. Kama hakuna mkusanyiko, michoro yote italaliana kama mstari mmoja. Kama jozi zinazaliwa, utaona kilele cha 526 kikipungua na bega la karibu na 500 likiinuka, na michoro yote ikikatana kwenye nukta moja. Nukta hiyo ya makutano inakuambia kuwa kuna spishi mbili tu, molekuli moja moja na jozi. Hakuna sentensi utakayoiandika kwenye ripoti itakayokuwa na uzito kama mchoro huo.

Halafu rudia kila kitu kwenye ethanoli. Huko rodamini 6G hubaki moja moja hata ikiwa nzito, na kwa molekuli moja moja takriban asilimia 95 ya fotoni zilizofyonzwa zinarudi kama mwanga. Kile kitakachoshuka kwenye ethanoli ni kosa la kuveti. Kitakachoshuka kwenye maji zaidi ya hapo ndicho cha jozi. Ukiwa na sabuni safi ya maabara, dodesili salfati ya sodiamu, iongeze kwenye myeyusho wa maji mpaka ipite milimola 8, pale matone madogo ya sabuni yanapoanza kujiunda yenyewe. Kila molekuli ya rodamini itajipatia mahali pake pa kukaa, bega la 500 litapungua na mwanga utarudi. Ila usitie sabuni kidogo kidogo chini ya hapo ukadhani ni salama: sabuni hiyo ina chaji hasi, rodamini ina chaji chanya, na kabla ya matone kujiunda vizuri sabuni inaweza kuzikusanya zaidi badala ya kuzitawanya.

Sasa tuingie kwenye kiini, kwa nini jozi ile ni giza. Hapa ndipo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu jibu lake ni la jiometri.

Molekuli ya rangi ikifyonza fotoni, elektroni zake zinayumba kwenda na kurudi kufuata mwelekeo mmoja maalum ndani ya molekuli. Mwelekeo huo tunauita dipoli ya mpito. Molekuli mbili zikikaribiana sana, msisimko haumilikiwi tena na moja. Unakuwa wa zote mbili, na ngazi moja ya nishati inagawanyika kuwa mbili, ya juu na ya chini. Katika ngazi moja dipoli mbili zinayumba pamoja, zikijumlishana. Katika nyingine zinayumba kinyume, kama wapiga kasia wawili kwenye ngalawa moja ambao mmoja anavuta mbele na mwingine nyuma: nguvu ipo, lakini chombo hakiendi. Ngazi ya kinyume haiwezi kufyonza wala kutoa mwanga, au inatoa kwa shida sana.

Kinachoamua ipi iwe juu na ipi iwe chini ni namna molekuli zilivyolala. Michael Kasha, mwanakemia wa Marekani, ndiye aliyeiweka picha hii wazi pamoja na wenzake kuanzia miaka ya 1950. Nguvu kati ya dipoli mbili zinazoelekea upande mmoja inafuata kipimo cha 1 kutoa mara tatu ya mraba wa kosaini ya pembe kati ya dipoli na mstari unaounganisha vitovu vyake, kisha inagawanywa kwa umbali uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Kipimo hicho kinakuwa sifuri kwenye nyuzi 54.7. Pembe ikiwa kubwa kuliko hapo, yaani molekuli zimelaliana bapa kwa bapa kama ilivyo kwa rodamini, ngazi inayong'aa inakwenda juu na ngazi ya giza inabaki chini. Ufyonzaji unasogea upande wa bluu, ndiyo maana bega lako liko 500 na si 550. Lakini molekuli iliyosisimka haikai juu: ndani ya sehemu ndogo sana ya nanosekunde inateremka hadi ngazi ya chini, na ngazi ya chini ni ile ambayo dipoli zake zinafutana. Imenaswa. Mwanga hauwezi kutoka haraka, na nishati inapata muda wa kutosha kupotea kama joto. Mpangilio huu tunauita mkusanyiko wa H.

Pembe ikiwa ndogo kuliko 54.7, yaani molekuli zimepangana zikifuatana kichwa kwa mkia, au kama matofali ya ukuta yaliyopishana, mambo yanageuka. Ngazi inayong'aa ndiyo inakuwa chini. Ufyonzaji unasogea upande wa wekundu, mstari unakuwa mwembamba ajabu, na mwanga unatoka kwa kasi kuliko wa molekuli moja, kwa sababu molekuli nyingi zinayumba kwa pamoja. Hili liligunduliwa mwaka 1936 na watu wawili kila mmoja kivyake: Edwin Jelley, aliyekuwa Kodak nchini Uingereza, na Günter Scheibe huko Ujerumani. Walikuwa wanatazama rangi iitwayo sudoisosianini. Kwenye myeyusho mwepesi ilifyonza karibu na nanomita 525. Ilipozidishwa, mstari mpya mwembamba ukachomoza karibu na 572, na fluoresensi ikatokea kwenye rangi ambayo ikiwa moja moja karibu haing'ai kabisa. Herufi ya mkusanyiko wa J ni ya Jelley. Wala halikuwa jambo la maabara tu. Rangi za ukoo huo, zikikusanyika juu ya chembe za halaidi ya fedha, zile chumvi za fedha zinazohisi mwanga, ndizo zilizofanya filamu za kamera zione rangi ambazo fedha peke yake haizioni. Picha nyingi za zamani zilizoko kwenye albamu za nyumba zetu zilipigwa kwa msaada wa mkusanyiko.

Kwa hiyo, kukusanyika peke yake hakujakuambia kitu. Rangi mbili zinaweza kukusanyika kwa nguvu ileile na umbali uleule, moja ikafa na nyingine ikawaka zaidi, kwa tofauti ya pembe. Nakuomba hili ulishike, kwa sababu sentensi ya kusema molekuli zikikusanyika zinazimana ni kweli kwa rodamini na si kweli kama kanuni. Na hata picha ya Kasha si amri: kuna fuwele za mpangilio wa H zinazong'aa vizuri kwa kuwa njia za joto zimezibwa, na kuna mikusanyiko ya J iliyofifia kwa sababu ya kasoro chache zinazoiba nishati.

Kuna namna ya tatu ambayo inabidi uijue, hata kama rodamini yako haina. Mwaka 1954 Theodor Förster na Karl Kasper waliripoti kuhusu pairini. Kwenye myeyusho mwepesi pairini hutoa mwanga wa urujuani, kati ya nanomita 370 na 400 hivi. Ukizidisha, unatokea mwanga mpana wa bluu karibu na 470, lakini ufyonzaji haubadiliki hata kidogo. Maana yake ni kwamba jozi haikuwepo kabla ya mwanga. Molekuli moja ilisisimka kwanza, ndipo ikamdaka mwenzake aliyekuwa anapita, wakang'aa wakiwa wamekumbatiana, kisha wakaachana. Kwa hiyo mchoro wa ufyonzaji ukibadilika, jozi ilikuwepo tangu mwanzo. Usipobadilika na mwanga mpya ukatokea, jozi imezaliwa baada ya msisimko.

Niguse haraka jambo la utando, maana utakapohitimu huenda ukafanya kazi na rangi iliyokauka juu ya kioo au ndani ya plastiki. Kwenye myeyusho wa milimola 1, umbali wa wastani kati ya molekuli ni nanomita 12 hivi. Kwenye utando mkavu ni nanomita moja au mbili. Kwa umbali huo nishati inaruka kutoka molekuli hadi molekuli bila kutoa mwanga, na inaruka mpaka ikutane na jozi ya giza. Hivyo jozi chache tu zinatosha kuzima eneo zima. Usikadirie giza la utando kwa kuhesabu jozi peke yake.

Haya, tumfikie mwenzako wa benchi la pili. Tetrafenilethilini ina dhamana maradufu moja katikati, na pete nne za fenili zimening'inia pembeni kama mapanga ya feni. Ikiwa imeyeyuka, inaposisimka pete zinazunguka, na ile dhamana ya katikati yenyewe inajipinda. Mizunguko hiyo inaipeleka molekuli mahali ambapo ngazi ya msisimko inagusana na ngazi ya kawaida, na nishati yote inamwagika kama joto kabla fotoni haijapata nafasi. Ndiyo maana iko giza. Sasa chukua myeyusho huo katika kiyeyushi kiitwacho tetrahidrofurani, ongeza maji hadi yapite asilimia 90. Molekuli zinajikusanya kuwa chembe ndogo, pete zinabanwa na majirani, haziwezi kuzunguka, na njia ya joto inafungwa. Mlango uliobaki ni wa mwanga tu, na inawaka bluu.

Ben Zhong Tang na wenzake wa Hong Kong ndio waliolipa jambo hili jina lake mwaka 2001. Hawakuwa na tetrafenilethilini, walikuwa na siloli, molekuli ya pete yenye atomu ya silikoni, iliyobeba pete tano za fenili. Kilichowashtua kilikuwa kitu kidogo sana, kile ambacho mwanafunzi yeyote angeweza kukifuta bila kufikiri: doa la rangi kwenye bamba la kromatografia, lile la kutenganishia kemikali, halikung'aa chini ya taa ya urujuanimno likiwa bichi, lakini kiyeyushi kilipokauka, likawaka.

Tazama basi tofauti ya rangi zenu mbili. Rodamini ni ngumu na bapa. Mgongo wake umefungwa kwa daraja la oksijeni, haupindi, kwa hiyo ikiwa peke yake karibu haipotezi kitu. Haina cha kufaidi kwa kukusanyika, na ubapa wake unaipeleka moja kwa moja kwenye mpangilio wa H. Tetrafenilethilini inapoteza karibu kila kitu ikiwa peke yake, kwa hiyo kubanwa ni faida tupu, na umbo lake la panga lililopinda haliruhusu kulaliana bapa kwa bapa, hivyo inakwepa mtego wa H. Swali la kujiuliza kwa rangi yoyote utakayopewa ni mawili: ikiwa peke yake, nishati yake inavujia wapi? Na ikikaa na wenzake, inakaa kwa pembe gani? Ukishayajibu hayo, hakuna ukinzani kati ya benchi lako na la mwenzako.

Kanuni hii ya kubana inaokoa maisha hapa hapa mjini. Maabara za kifua kikuu zinapaka makohozi rangi iitwayo auramini O, kisha zinatazama kwa darubini ya taa za LED, aina ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2011. Auramini ikiwa huru kwenye maji karibu haing'ai, kwa sababu mikono yake miwili inajipinda. Ikinaswa ndani ya ukuta wa nta wa bakteria wa kifua kikuu haijipindi tena, na vijiti vya manjano ya kijani vinaonekana juu ya giza. Hapo hakuna mkusanyiko wa molekuli za rangi zenyewe, lakini fizikia ya kufunga mzunguko ni ileile.

Kwenye ripoti yako, msimamizi wako usimwendee na ubishi. Mpelekee michoro mitatu: fluoresensi iliyosahihishwa kwa mwanga unaopotea ndani ya kuveti, ufyonzaji uliogawanywa kwa ukolezi, na ulinganisho wa maji na ethanoli. Kisha andika kwamba hadi makumi ya mikromola kushuka kwa mwanga na kusogea kwa kilele kumetokana zaidi na ufyonzaji wa ndani, na kwamba kuanzia karibu mikromola 100 jozi za mpangilio wa H zinaongeza kuzimika kwa kweli. Kama unaweza kupata kishikilia kuveti kinachotazama uso wa mbele, au kuveti ya milimita 1, rudia vipimo vya fluoresensi kwa hiyo. Kilele kikihama kwenda ukolezi mkubwa zaidi, umethibitisha nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Ongeza kipimo kimoja cha mchoro wa msisimko (unabadilisha urefu wa wimbi wa kusisimua huku ukipima mwanga unaotolewa) kwenye myeyusho mzito, kwa kuveti nyembamba: kama bega la 500 ni la jozi za giza, litaonekana kwenye ufyonzaji na litakuwa dogo zaidi kwenye mchoro wa msisimko.

Mambo machache ya mezani yanayoharibu kazi hii mara nyingi. Tumia maji yaliyotoneshwa, na kamwe usitumie ya kisima: visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi, na chumvi inapunguza msukumano wa chaji na kuzisukuma rodamini zikusanyike mapema. Ya bomba nayo yana klorini, ambayo inaweza kuichubua rangi. Rodamini inashika kwenye kuta za kioo na plastiki, hivyo myeyusho wa mikromola 1 uliolala usiku kucha kwenye chupa si wa mikromola 1 tena. Tengeneza myeyusho mama kwenye ethanoli, uutunze gizani, uzimue siku ileile ya kupima. Na joto la chumba liandike kila mara: jozi zinaachana joto likipanda, kwa hiyo kipimo cha asubuhi kiyoyozi kikiwaka na cha mchana umeme ukiwa umekatika havilingani.

Mwambie mwenzako naye apime kuveti yenye maji na tetrahidrofurani bila rangi, na moja yenye chembe lakini kwa urefu wa wimbi ambao rangi yake haifyonzi. Chembe zake zinatawanya mwanga wa taa, na fluoromita isiyo na kichujio kizuri itauhesabu mwanga huo uliotawanywa kama fluoresensi. Autoe kwanza, ndipo aseme rangi yake imewaka kwa mara ngapi.